Bakuli la Supu Mikononi mwa Yudith

"Nilisema neno moja tu, mama."

"Ndilo hilo moja. Ungesema mia, ningechambua nikapata la kunifaa. Umesema moja, nalo ukampa mwenzangu."

Matilda alikuwa ameinama kwenye jiko la uani, anaifuta sufuria yake ya presha kwa kitambaa kikavu, nje na ndani, namna mtu anavyofuta chombo ambacho hataki kibaki nyuma. Binti yake Goodness alisimama mlangoni na mtoto begani, wiki ya sita tangu ajifungue, macho yamemwiva. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana, na malori ya Tunduma yalikuwa yanapita barabarani kule chini yakitikisa vikombe kabatini, kama ilivyo desturi ya Iyunga. Kesho yake mtoto alikuwa anabatizwa. Saa kumi Mzee Sifaeli wa kanisani angekuja na daftari lake kuandika jina. Na jina lenyewe, ambalo tangu mimba ikiwa ya miezi minne lilikuwa Matilda, leo saa nne asubuhi lilikuwa limegeuka Yudith mbele ya wanawake kumi na mmoja wa jumuiya. Goodness alipoulizwa anasemaje, alikuwa amesema, "Sawa."

"Sasa ningesemaje? Watu wamekaa, wamepiga vigelegele, mama mkwe anajifuta machozi. Nisimame mimi niseme hapana?"

"Ungekohoa."

"Nikohoe?"

"Mtu akikohoa, wenzake wanasubiri. Wakisubiri, mimi natokea na kisu changu na miguu ya kuku mkononi, wananiona, wanauliza huyu naye nani. Hata kikohozi kimekushinda, Goodness. Na wakati ule ulipokuwa mdogo ulikuwa unakohoa mpaka nyumba ya tatu hawalali."

Goodness nusura acheke, akauma mdomo. Matilda alikuwa na ubaya huo: hata akiwa analia, aliye mbele yake hajui ashike leso au ashike mbavu.

Kwao Matilda ni Kalenga, upande wa mtoni, kwenye mashamba ya nyanya na vitunguu. Shule hakuiona. Aliipita tu akienda kuteka maji, akawasikia wenzake wakiimba herufi, akaimba naye huku anatembea, na alipofika mtoni alikuwa ameshazisahau. Mumewe Vitus alifariki Goodness akiwa darasa la pili. Baada ya msiba Matilda alifunga nguo zake kwenye kitenge akaenda Iringa mjini, akapata kazi ya jikoni kwenye hosteli moja ya misheni, na kule akapika miaka kumi na minane, ugali wa watu themanini, maharage ya watu themanini, na siku za sikukuu kuku wa watu themanini ambao kwa hesabu ya mkuu wa hosteli walikuwa kuku kumi na mmoja.

Kule ndiko alikokutana na ile sufuria. Ilikuwa ya mama mmoja Mjerumani, nzito, kifuniko chake kinajifunga kwa kuzungushwa, juu kina kichuma cha kutolea mvuke na kisaa cha kuonyesha presha. Siku ya kwanza ilipopiga mluzi, Matilda alitoka jikoni, akavuka uwanja, akasimama nje ya geti akiwaombea waliobaki ndani. Siku ya pili alisogea. Siku ya tatu akaachiwa peke yake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haraka, akakiondoa kile kichuma kwa kijiti na kukizungusha kifuniko kabla mvuke haujaisha. Kifuniko kilimtoka mkononi, kikatoboa bati, kikaenda juu, kikamkuta kunguru anapita zake, na wote wawili wakatua uwanja wa jirani, kunguru akiwa ameshaiva. Anayebisha abishe. Kiraka cha lami juu ya lile bati kipo, na kunguru wa mtaa ule mpaka leo wakifika hapo wanazunguka.

Tangu siku hiyo Matilda na ile sufuria walielewana. Alijifunza kuisikiliza. Mluzi wa kwanza unamwita, wa pili unamwambia punguza moto, na baada ya hapo ni kuiacha inong'one. Yule mama Mjerumani alipokuwa anarudi kwao, aliwagawia watumishi vitu vyake. Wengine waligombania blanketi. Matilda alichukua sufuria, akaondoka nayo kichwani kabla mtu hajabadili mawazo.

Goodness alisoma kwa mshahara wa jiko lile, akapata ualimu, akapangiwa Mbeya, na Mbeya akaolewa na Lutengano, Mnyakyusa wa hapohapo Iyunga, kijana mpole asiyependa kelele. Mtoto wa kwanza alikuwa wa kiume, akaitwa Ambokile, jina la marehemu baba yake Lutengano. Matilda hakununa. Wa kwanza ni wa upande wa mume, kila mtu anajua. Wa pili ndiye wa kwao. Na mimba ya pili ilipofika miezi minne, Goodness alipiga simu mwenyewe, bila kuulizwa, akasema, "Mama, huyu akiwa wa kike ni wewe."

Hayo maneno Matilda, ambaye alikuwa ameshaacha kazi na kurudi Kalenga, hakuyaweka mfukoni. Aliyasema kanisani, aliyasema sokoni, aliyasema kwa muuza dawa za nyanya ambaye hata hakuwa amemuuliza. Jirani yake Juliana akaanza kumwita Bibi Wajina. Mpaka wiki ya kujifungua inafika, kijiji kizima kilikuwa kinamsubiri Matilda mdogo, na walikuwepo wazee wawili waliokuwa wanabishana kama atakuwa na pua ya bibi yake au Mungu atamhurumia.

Alisafiri na kuku saba, mmoja wao jogoo, ndani ya boksi lililotobolewa, na sufuria ya presha mapajani, maana kwenye buti angeiweka nani. Jogoo alilipa nauli yake. Mafinga aliwika, dereva akafikiri ni honi ya lori nyuma, akapisha njia. Makambako aliwika mara mbili, na abiria wawili wa kwenda Njombe waliokuwa wamepitiwa na usingizi wakashtuka, wakashuka palepale, wakamshukuru kupitia dirishani. Igawa trafiki alipanda kukagua, akaiona ile sufuria.

"Mama, hiki nini?"

"Sufuria, mwanangu."

"Mbona ina saa?"

"Ili nisichelewe kwa mzazi."

Akamwacha.

Alifika Iyunga akamkuta mwanaye amelala, amekonda, mweupe midomo, maziwa hayatoki vizuri. Uchungu ulikuwa umechukua siku mbili na damu nyingi ilikuwa imemtoka. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe, Yudith, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, mwenyekiti wa wanawake wa jumuiya, mtu wa kucheka na kukumbatia. Wakapokeana vizuri. "Karibu mkwe, karibu mzaa mwenzangu, hapa ni kwako," Yudith alisema, na alisema kweli, siku hiyo.

Sasa ipo namna ya Matilda ya kupika supu ya mzazi. Nyama si kazi yake. Nyama wale wenye afya. Yeye anataka kilichobaki. Kuku akishachemshwa au kuchomwa, Matilda anamnyofoa nyama yote jikoni kwa vidole, anawapa watu minofu mitupu, kisha anajifungia na mgongo, mbavu, shingo, mabawa na vichwa. Miguu anaibabua motoni, anaimenya ngozi kama anavua soksi, anakata kucha. Mfupa uliokwisha kung'atwa na mtu hauingii, ndiyo maana mezani hakuna aliyepewa mfupa. Jambo hilo lilileta manung'uniko, kwa sababu kwa Yudith kuku ni mfupa. Joyness, wifi yake Goodness, alisema amekula siku tatu na hajui kama alikuwa kuku au uyoga. Yudith mwenyewe alikaa kwenye kiti chake anatafuna minofu kwa huzuni, kama mtu aliyepigwa faini.

Mifupa Matilda anaivunja kwa mgongo wa kisu, kila mmoja, ili kilichomo kitoke. Anatia kitunguu na maganda yake, tangawizi iliyopondwa, vitunguu saumu, na nusu ya limau, maana limau linaunyonya mfupa. Maji hayapiti theluthi mbili ya sufuria. Anafunga, anasubiri mluzi, anashusha moto wa gesi mpaka unakuwa kama ua dogo la bluu, na anakaa pale saa moja na nusu kwenye kigoda, hamsikilizi mtu. Ikiiva haifunguliwi kwa nguvu. Inaachwa ipoe yenyewe, ikubali. Mifupa ikitolewa unaiponda kwa vidole viwili kama biskuti. Supu inachujwa, na ikilala kwenye friji inaganda, inatetemeka.

Na ilikuwa supu kweli. Ukisimamisha kijiko ndani yake kinasimama, kinangojea maelekezo. Mzee Lusekelo wa nyumba ya pili, aliyekuwa hajatoka kitandani tangu mahindi yakiwa machanga, alipelekewa kikombe kimoja. Alikunywa, akakaa, akaulizia jembe lake. Walipogeuka kuchukua kikombe mtu hayupo. Walimpata siku ya tatu Madibira, yuko ndani ya jaruba la mpunga, anawafundisha vijana kupandikiza.

Goodness naye wiki ya kwanza alikaa. Ya pili akasimama. Ya tatu maziwa yakaja mpaka mtoto akawa anapaliwa, na mashavu ya mtoto yakaanza kumfunga macho.

Lakini Matilda hakuwahi kumpelekea mwanaye lile bakuli kwa mkono wake. Ni jambo la bibi yake aliyemlea, na wa nyumba nyingine hapo Kalenga wanalicheka. Bibi yule alisema mkono uliovunja mifupa ya supu usimfikie mzazi siku arobaini, maana mzazi naye mifupa yake imeachana, ndiyo kwanza inarudi mahali pake, na haipendi kuona mkono wa namna hiyo. Anayepika abaki jikoni. Bakuli lipelekwe na mwingine. Matilda aliletewa hivyo na shangazi yake alipomzaa Goodness, na hakutaka kwa mwanaye liwe jambo la kujaribia.

Alilisema hili siku ya kwanza, mbele ya wote. Goodness alilijua tangu utotoni. Yudith akasema, "Nipe mimi, mkwe, nitapeleka." Akafunga khanga safi, akalishika bakuli kwa mikono miwili, akaenda nalo chumbani taratibu kama anapeleka sadaka.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, na aliyeyaanza ni Matilda mwenyewe.

Wageni wa kumwona mzazi walikuja kila siku, na kila aliyekuja alimkuta Yudith na bakuli. Waliiona rangi, wakasikia harufu, wakamwona Goodness anavyorudiwa na uso. Jikoni uani hakuna aliyefika. "Ndaga fijo, mama," walimwambia Yudith, wakimshukuru kwa Kinyakyusa. Wiki ya kwanza Yudith alijibu, "Tunasaidiana." Wiki ya pili alijibu, "Mungu ananisaidia." Wiki ya tatu mtu mmoja alimuuliza siri ya ile supu, na Matilda, akiwa upande wa pili wa dirisha na kifundo cha mguu wa kuku mkononi, alimsikia mkwe wake akivuta pumzi na kusema siri ni mchaichai.

Matilda alicheka mpaka akakaa chini. Ile supu mchaichai ilikuwa haijawahi kukutana nao hata njiani. Alicheka kwa sababu hakuona hasara. Yudith alikuwa mwema kwake, alimpa chumba chenye dirisha, alimpa soksi za sufi kwa ajili ya baridi la Mbeya. Mwenzake achukue sifa za supu, zitaisha siku arobaini zikiisha. Yeye alikuwa na jina, na jina haliishi. Goodness alikuwepo chumbani siku ile ya mchaichai, naye alinyamaza, na Matilda akafikiri mwanaye ananyamaza kwa hesabu ileile.

Wiki mbili zilizopita Joyness alileta shali nyeupe ya sufi aliyomfumia mtoto, pembeni imetariziwa maandishi ya bluu. Matilda aliifua kwa mikono, kwa maji ya vuguvugu, akaianika kivulini, akaipapasa yale maandishi kwa kidole.

"Hapa pameandikwaje?" alimuuliza Goodness.

"Ni jina la mtoto, mama."

Matilda akayabusu. Akaifua tena Jumatano, ingawa haikuwa chafu.

Halafu ikaja asubuhi ya leo. Wanawake wa jumuiya walifika na sabuni, sukari na doti za khanga, wakaimba, wakaomba, wakakaa sebuleni. Matilda alikuwa uani anashughulikia kuku kumi na wawili wa kesho, maana Yudith alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba wageni wote wa ubatizo wataonja ile supu. Dirisha lilikuwa wazi. Alimsikia Joyness akisema aliyemtoa mzazi kitandani kwa mikono yake anastahili kupewa mtoto awe wajina wake. Alisikia vigelegele. Alimsikia Yudith akisema, "Jamani, mimi ni nani," kwa sauti ya mtu anayejua yeye ni nani. Kisha mmoja akauliza, "Mzazi, wewe unasemaje?" Na Matilda, kisu kikiwa hewani, akangoja. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anatabasamu tayari, anajiandaa kuonekana ameshtukizwa watakapomwita.

"Sawa," akasema Goodness.

Ndiyo maana saa tisa hii sufuria ilikuwa inafutwa.

"Unaenda wapi lakini?" Goodness aliuliza. "Basi la Iringa saa hizi limeshaondoka."

"Nitakaa stendi na jogoo."

"Jogoo tulimla mwezi uliopita, mama."

"Basi nitakaa na kumbukumbu yake. Yeye angalau aliwika alipotakiwa kuwika."

Goodness akakaa kwenye kigoda, akamhamishia mtoto upande wa pili. Alisema kwa sauti ya chini, kwa haraka, kama mtu anayejaribu kumaliza kabla hajakatwa kauli. Alisema nyumba hii ni ya Yudith. Alisema Lutengano hajawahi kumpinga mama yake hata kwa chumvi. Alisema, "Wewe keshokutwa unarudi Kalenga, mimi nabaki hapa na hawa watu miaka yote. Nikimwaibisha mbele ya jumuiya yake, nitaishije? Na kusema kweli, mama, wewe ndiye uliyekataa kubeba bakuli. Nani alikufunga mikono? Mila ya bibi mmoja, hata babu alikuwa anaicheka."

"Nilikataa kwa ajili ya mifupa yako."

"Najua."

"Kama unajua, kwa nini hawajui wao?"

Kuku walioletwa kwa ajili ya kesho walikuwa kwenye beseni, wameshanyofolewa, minofu upande huu, mifupa upande ule. Matilda aliitazama ile mifupa.

"Haya. Kesho kuna wageni sitini na supu ya Yudith. Mwambie aipike. Mchaichai upo pale nyuma ya choo, ajichumie."

"Mama, unajua hata kuikaribia sufuria hawezi. Ikipiga mluzi anaenda kwa jirani."

"Ataipika kwa jirani."

"Usinifanyie hivyo."

"Nikufanyie nini? Mimi ni nani hapa? Mimi ni mama wa jikoni. Wale wanawake leo walipokuwa wanatoka, mmoja amenipa sahani yake niioshe, akaniita dada." Sauti ilimkatika, akakohoa kuiunganisha. "Nimeiosha."

Goodness alinyanyua mkono amshike bega, na alipoinuka shali ikateleza begani kwa mtoto, pembe yenye maandishi ikaning'inia. Matilda aliishika aipandishe. Kidole chake kikatua palepale kilipozoea kutua.

Hakukiondoa.

"Hapa pameandikwaje?"

"Mama."

"Soma. Mimi sikwenda shule, wewe nimekupeleka. Soma."

"Mama, naomba..."

"Herufi kwa herufi au kwa mkupuo, vyovyote utakavyo."

Goodness akasoma. Alisoma polepole, kichwa chini, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, na jina lililotoka kwenye ile shali halikuwa la mtu wa Kalenga.

Matilda aliirudisha pembe ya shali juu ya bega la mtoto, akaisawazisha isikunjamane. Akahesabu kwa vidole, kwa sauti. Leo Jumamosi. Shali ililetwa Jumamosi ya juzi ile. Kufuma wiki moja, au zaidi kwa mtu mwenye mikono mizito kama Joyness.

"Kwa hiyo si neno moja," alisema. "Leo umeambiwa tu uliseme mbele za watu. Wiki tatu nawavunjia mifupa, na ninyi mmeshamaliza. Na mimi nikaifua. Mara mbili. Nikaibusu, Goodness, na wewe umekaa pale kitandani unaniangalia nabusu."

"Sikujua nikwambieje."

"Ulijua sijui kusoma. Hilo ndilo ulilolijua."

Goodness alilia sasa, bila kujificha, na mtoto kwa kusikia mwili wa mama yake unatikisika akaanza kulia naye. Matilda alimchukua mtoto. Alimwekea kidole kidogo mdomoni, akamtembeza kati ya jiko na beseni, akamwimbia kitu cha Kihehe kisicho na maneno mengi. Mtoto akatulia. Pua ilikuwa yake, ile pua waliyokuwa wanabishania wazee, pana, imekaa kama inasikiliza.

"Kalenga wanasubiri," alisema, na sasa hakukuwa na mzaha. "Juliana amemfumia kofia. Nitashuka kwenye gari pale, wataniuliza, Matilda mdogo hajambo? Nijibu nini? Niseme hajambo? Mimi nimeongopa mambo mengi maishani, mwanangu, lakini nilikuwa naongopa kwa kuchekesha watu. Uongo huo wa kwako siuwezi."

"Nitasema," Goodness alisema.

"Utasema nini?"

"Ukweli. Mzee Sifaeli akija, nitamwambia mwenyewe. Aliyepika supu ni wewe, na jina ni lako, nilikuahidi mimi. Shali itafumuliwa. Mama mkwe akinuna atanuna, atanyamaza wiki mbili, atarudi. Kweli, mama. Nitasema."

Matilda alitaka kuamini, na jambo hilo lilionekana usoni kwake waziwazi, kama mtu anayeona gari linapunguza mwendo na hajui kama ni kwa ajili yake. Akamwegemeza mtoto begani, akaichukua sufuria kwa mkono wa pili, akairudisha juu ya jiko. Akachukua mfupa mmoja wa mgongo kutoka kwenye beseni, akaulaza juu ya kibao.

"Ukisema, nitapika ya watu mia," alisema. "Na nitamwachia Yudith abebe mabakuli yote, sitatia neno. Mradi mtoto..."

Mlango wa uani ukasukumwa. Aliingia Mzee Sifaeli, kofia mkononi, daftari kubwa limebanwa kwapani, na nyuma yake Yudith na khanga mpya aliyopewa asubuhi, ameshika trei ya chai.

"Hodi, hodi, wenye nyumba," mzee alisema. "Nimesikia mzazi yuko huku nikaona nisingoje sebuleni. Nimekuja mapema kidogo, nina nyumba nyingine tatu. Naona mazungumzo yamenoga, msiache kwa ajili yangu." Akakaa kwenye kigoda, akafungua daftari juu ya goti, akaipigapiga kalamu kwenye kiganja. "Haya, mama mtoto. Jina naliandika kutoka kinywani mwako, ndiyo utaratibu wetu."

Yudith alisimama na trei, anatabasamu. Matilda alisimama na mtoto. Wote watatu walimgeukia Goodness.

Goodness alijifuta uso kwa ncha ya khanga. Alimtazama mama yake, halafu akamtazama mama mkwe wake, halafu akaenda kumpokea trei.

"Karibu mzee, kunywa chai kwanza," akasema. "Hapa hatukuwa na la maana, tulikuwa tunapanga mambo ya mboga tu."